Jino la Shemeji, Mdomo wa Binti

Wiki iliyopita niliwaacha nimesimama ndani ya banda la ndege, jino la shemeji yangu kiganjani, na mwenye jino amekaa sakafuni anatema damu kwenye ndoo ya mchanga.

Kwa anayenikuta leo kwa mara ya kwanza: naitwa Joris, nina kiwanda cha chipsi za kugandisha nje kidogo ya mji wa Kortrijk, na nina ndege ndogo ya viti vinne. Shemeji yangu ni Lieven, kaka wa mke wangu Hilde. Naye ana ndege kama yangu. Kazi yake ni daktari wa meno. Cheka tu, mji mzima ulicheka.

Kila mwaka wiki ya sherehe za Kanivali tunakimbia makelele ya kwetu. Tunapakia skii, zile mbao ndefu za kutelezea theluji, tunaruka hadi Pralaz, kwenye milima ya Wafaransa. Uwanja wa Pralaz umelazwa ubavuni mwa mlima. Unatua ukipanda, unaruka ukishuka. Mbele yako ni mwamba mtupu, kwa hiyo ukishaipita nguzo ya njano iliyoko chini, huna pa kugeukia. Utatua, utake usitake. Ndiyo maana hawampokei rubani asiye na kibali cha mlima.

Kibali changu kilikufa miaka miwili iliyopita, nami nikanyamaza. Kila tukienda nilisingizia mawingu nikatua uwanja wa bondeni, halafu napanda Pralaz kwa teksi. Ukweli ni kwamba mlima ule nilikuwa nauogopa. Nilitua pale mara tatu tu maishani, na zote mwalimu alikuwa kando yangu, mkono wake juu ya mkono wangu.

Mwenye kibali ni binti yangu Nele. Ana miaka kumi na minane. Alikipata kiangazi kilichopita, na chuo cha marubani kimeshamkubali, anaanza Aprili. Tangu ana miaka saba hajataka kitu kingine.

Basi Lieven akasimama mbele ya wanachama wote wa klabu akasema, "Joris hana kibali. Nimeshawaandikia Pralaz. Rubani mkuu ni Nele. Joris leo ni mzigo, kama begi la skii."

Hapo ndipo nilipookota chuma cha kuvutia ndege. Mengine mnayajua.

"Nirudishie jino langu," Lieven akasema.

Nikamtupia. Likaangukia kwenye dimbwi la oili.

"Mshenzi wewe," akasema, na ile s ikapiga mluzi penye pengo. Watu wakacheka. Nami nikacheka, mpaka nilipomwona Hilde anatoa begi lake kwenye ndege yangu.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa kaka yangu. Yeye hapigi watu kwa vyuma."

"Hilde, mbele za watu jamani!"

"Wewe umepiga mbele za watu, mimi nikihama nihame kwa siri?"

Alibeba na kopo lake la biskuti za mdalasini. Kwa miaka ishirini na mbili kopo lile lilikaa katikati ya viti vyetu.

Nele alikuwa ameshaketi kiti cha kushoto, kiti cha rubani mkuu, anaandika jina lake kwenye daftari la safari. Hakuniangalia.

"Panda, baba," akasema. "Funga mkanda."

Mtadhani mtu aliyeng'olewa jino angerudi nyumbani akalale. Thubutu! Lieven alijisokomeza pamba mdomoni akawasha injini. Kwetu kuna desturi ya zamani: wa mwisho kutua Pralaz anabeba skii za wote, kutoka uwanjani mpaka hotelini, huku wenzake wanatembea mikono mitupu wakimwimbia nyimbo za kijinga. Miaka miwili mfululizo mbebaji nilikuwa mimi, maana anayekuja kwa teksi atakuwa wa mwisho tu. Lieven hakuwa tayari kuikosa ya tatu.

Tulitua njiani kujaza mafuta, kiwanja kidogo katikati ya mashamba ya zabibu. Lieven akapanda ngazi kujaza tangi la bawa. Akamwita Nele kwa sauti ili mzee aliyekuwa kwenye pampu asikie.

"Mpwa wangu! Mzigo wako umeshakojoa? Usije ukakulowanishia kiti mlimani!"

Mzee wa pampu akacheka. Nikaenda taratibu, mikono mfukoni, nikaipiga ngazi teke.

Lieven alianguka chali kwenye lami. Kichwa kiligonga. Nikataka kumwongezea la mbavu, ila Hilde alikuwa ameshafika, akanisukuma kifuani kwa mikono yote miwili.

"Umekuwa mnyama?"

"Ananitukana, wewe huoni?"

"Anasema kweli! Kweli ndiyo inayokuuma!" Akanielekezea kidole. "Joris, nisikilize. Leo kwenye ile ndege kuna mtoto wangu. Apa kwamba hutagusa usukani."

"Naapa."

"Kwa nani?"

"Kwa kaburi la mama."

"Mama yako alipokuwa hai hukumheshimu, itakuwa kaburi lake! Apa kwa Nele."

Nikamtazama binti yangu. Alikuwa anapima oili, kitambaa mkononi, nywele kazibana kwa penseli.

"Naapa kwa Nele," nikasema. "Siugusi."

Hilde alinipa kipande cha mkate na jibini, akaondoka kumwinua kaka yake. Mkate ule niliula wote. Ulikuwa mtamu, na nilikuwa nimeapa kwa moyo safi. Nataka mjue hilo.

Saa nane mchana tulikuwa juu ya milima, na jua kali. Nele alikuwa anarusha ndege vizuri kuliko nilivyowahi kurusha mimi. Mkono mwepesi, macho kila mahali. Chini yetu bwawa la Pralaz lilikuwa limeganda.

Tulikuwa mbele. Lieven alikuwa nyuma yetu mwendo wa dakika mbili. Pale Pralaz hakuna mnara wa kuongoza ndege. Kila rubani anasema kwenye redio yuko wapi, wengine wanamsikia, wanapishana. Kwa hiyo redio ndiyo macho yako.

Redio ikakwaruza.

"Mpwa wangu, naona unatangulia. Hongera. Mwambie mzigo wako mwaka huu hatabeba skii. Labda nimnunulie mdoli apate cha kubeba."

Nikabonyeza kitufe. "Lieven, funga domo lako lenye pengo!"

"Baba," Nele akasema, "bonde zima linasikia."

"Lisikie!"

Mfaransa mmoja akaingilia, akatuomba kwa adabu tuache njia ya redio kwa wanaotua. Lieven akamwomba radhi. Halafu akasema, polepole:

"Joris, unajua kwa nini Hilde yuko huku? Anasema miaka hii yote alipokuwa akiruka na wewe alikuwa anafumba macho."

Na nyuma ya sauti yake nikamsikia mke wangu anacheka.

Si kicheko kirefu. Kifupi tu, cha mtu aliyechoka, labda hata hakukikusudia. Lakini nilikisikia, na bonde zima lilikisikia. Damu ikanipanda mpaka machoni. Nikaipiga redio ngumi. Nikaipiga tena. Kioo kikapasuka, taa zikazimika, na vidole vyangu viwili vikachanika. Redio yetu ya pili ilikuwa kwa fundi tangu Krismasi.

Ikabaki sauti ya injini tu.

"Baba," Nele akasema. Hakupiga kelele. "Hatutui Pralaz. Bila redio hawajui tulipo. Nageuka, tunashuka bondeni."

"Geuka uone."

"Nageuka."

"Nele! Mjomba wako yuko nyuma yetu. Tukigeuka anatua yeye kwanza. Unataka nibebe skii zake mwaka wa tatu? Huku mama yako anacheka?"

"Nitazibeba mimi."

Hilo ndilo lililonimaliza. Kwamba angezibeba yeye, na angezibeba kweli, bila kinyongo.

Nikashika usukani wa upande wangu. Yeye akang'ang'ania wake. Ndege ikayumba, skii zikagongana nyuma.

"Umeapa! Mama kaniambia, umeapa kwa jina langu!"

"Achia!"

"Siachii. Rubani ni mimi."

Nikampiga kiwiko cha mkono wa kushoto. Mdomoni.

Wiki zote hizi nimewasimulia maovu yangu, na kila ovu nimelitafutia mwenzake wa kulibeba. Kiwanda kilipoungua, kama nilivyowasimulia nyuma, nilisema ni fundi umeme. Jino la Lieven nilisema ulimi wake. Hili silitafutii mtu. Haikuwa bahati mbaya wala ndege haikunisukuma. Niliangalia mdomo ulipo, nikapiga.

Akaachia.

Nilikuwa nimevaa koti jeupe la skii, zawadi ya Hilde ya Krismasi. Kiwiko cha kushoto kikawa na doa jekundu, kubwa kama yai.

Nele aliweka mkono mdomoni, akautazama, akauweka tena. Hakulia. Akavuta mkanda wake ukabana, kama mtu anayejua kinachokuja.

Tukazunguka pua ya mwamba, na uwanja ukasimama mbele yangu mithili ya ukuta. Nguzo ya njano ikapita chini yetu. Nikainua pua ya ndege, nikainua zaidi, magurudumu yakagusa theluji. Yaligusa vizuri! Nilifurahi, jamani. Damu ya mwanangu iko kwenye mkono wa koti langu, nami nikacheka kwa furaha kwamba nimetua Pralaz peke yangu.

Sasa sikilizeni kosa langu, maana ni kosa la mtu wa tambarare na si la mwingine.

Kwetu hakuna hata kilima cha kumchosha ng'ombe. Miaka thelathini mkono wangu umefunzwa jambo moja: gurudumu likigusa chini, vuta wenzo wa mafuta, punguza nguvu, kanyaga breki. Pralaz ni kinyume. Gurudumu likigusa, unaongeza nguvu, maana unapanda. Unaipandisha ndege kwa injini mpaka kilele cha uwanja, pale penye sakafu bapa, ndipo unasimama na kuwapisha wanaokuja nyuma. Mtoto wa juzi anajua hilo. Hata mimi nilikuwa najua.

Mkono haukujua. Ukavuta.

"Ongeza!" Nele akapiga kelele, damu ikaruka kwenye kioo. "Baba, ongeza nguvu! Ongeza!"

Ndege ikasimama katikati ya mteremko.

Nikasukuma wenzo kwa pupa, wote kwa mara moja. Injini ikakohoa, ikazima. Tukaanza kuserereka kinyumenyume. Nikakanyaga breki kwa miguu yote miwili, ikashika, kwa shida. Nikazungusha ufunguo. Pangaboi likageuka mara mbili likagoma.

"Mjomba yuko nyuma," Nele akasema. "Na mama."

"Wapigie redio!"

Akanitazama. Kisha sote wawili tukaitazama redio.

Mwamba ule unaficha uwanja mpaka zamu ya mwisho. Lieven akija haoni kitu. Atadhani tumeshafika juu au tumekwenda kwingine, maana ameita na hakuna aliyejibu. Akishaona, nguzo ya njano itakuwa nyuma yake.

"Shuka," nikamwambia Nele. "Kimbilia pembeni."

"Na wewe?"

"Nikiachia breki ndege inarudi chini. Shuka!"

Akafungua mlango akaruka. Lakini hakukimbilia pembeni. Alikimbia chini, katikati ya njia, kuelekea kule ndege inakotokea, huku anavua koti lake la rangi ya machungwa. Nilimwona kwa kugeuza shingo dirishani. Nilimwita mpaka koo likakauka. Nilimwita kwa matusi, nilimwita kwa majina ya utotoni.

Ndege ya Lieven ikachomoza kwenye mwamba.

Nele akasimama. Akalipunga koti upande wa kushoto, tena na tena, kule ambako katapila la theluji lilikuwa limekusanya lundo kubwa. Alikuwa anamwonyesha mjomba wake pa kuangukia.

Na Lieven, mtu niliyemwita mwoga mbele ya klabu nzima, alimwelewa. Aliipeleka ndege kushoto. Bawa lake lilipita juu ya Nele naye akajitupa kifudifudi. Gurudumu likagusa, bawa la kushoto likazama kwenye lundo, ndege ikazunguka yote, na bawa la kulia likaja likaupiga mkia wa ndege yangu.

Sikusikia mlio. Nilisikia kichwa changu kinagonga mlango, halafu theluji, halafu harufu ya petroli.

Nilipotambaa nje, Lieven alikuwa anatokea dirishani. Uso mzima damu. Mkononi ana skii moja.

"Nimekuita mara sita!" akapiga kelele. "Mara sita! Kwa nini hujibu redio?"

Akanishushia skii ile begani. Mfupa ukalia ko! Nikaanguka, akanipiga ya mgongoni. Nikamshika mguu nikamvuta, akaja juu yangu, akanikaba. Nikamtafuta kwa ngumi pale penye pengo, nikampata, akalia kama mbwa. Nikapiga tena palepale. Akaninyonga kwa mkanda wa begi. Nikamng'ata mkono mpaka meno yakakutana na kitu kigumu.

"Mama amenasa ndani!" Ilikuwa sauti ya Nele. "Petroli inavuja! Baba! Mjomba! Njooni!"

Nilimsikia, na Lieven alimsikia. Hakuna aliyeacha. Wanaume wawili wa makamo, mmoja anatengeneza chipsi na mwingine anaziba meno, tunagaragazana kwenye theluji, na mtoto wa miaka kumi na minane yuko peke yake anamvuta mama yake kwenye mabati.

Tulitenganishwa na koleo. Walinzi wawili wa njia za skii walifika na machela yao ya kuteleza, na mmoja wao, alipoona maneno hayasaidii, alimpiga Lieven koleo mgongoni, kisha akanipiga mimi.

Nele alikuwa ameshamtoa. Alimburuta Hilde hatua kama thelathini hivi kwa kumshika kwapani. Mguu wa kulia wa Hilde ulikuwa umegeukia upande ambao mguu haugeukii. Kopo la biskuti lilikuwa limepasuka chini yao.

Ndipo ndege ya Lieven ikawaka moto.

Lieven akakaa chini, akaanza kulia kwa sauti. "Dada yangu," akawa anasema. "Dada yangu ningemuua." Nami nikasimama, bega moja limelegea, sijui pa kuweka macho.

Nele akanifuata. Midomo ilikuwa imevimba mpaka maneno yanatoka nusunusu.

"Baba, polisi wa milimani wanapanda. Nisikilize haraka. Kwenye daftari rubani ni mimi. Waache waamini hivyo."

"Unasema nini?"

"Wakijua ulimnyang'anya rubani usukani na huna kibali, ni jela. Mimi watanichukulia leseni tu."

Leseni tu. Alisema hivyo, mtoto ambaye kila siku ya kuzaliwa aliomba kitu kimoja.

"Na chuo?" nikauliza.

"Chuo kitakuwepo." Akageuka haraka nisimwone.

Ningeweza kusema pale pale, "Hapana mwanangu." Ni maneno mawili. Nimeyasema mara elfu alipokuwa mdogo, akitaka peremende.

Sajenti wa polisi alikuwa mwanamke mfupi, jina lake Favrat, uso umeungua kwa jua la theluji. Alizunguka mabaki ya ndege zote mbili. Akalichukua daftari langu, akalifungua.

"Rubani mkuu, Nele. Ndiyo wewe?"

"Ndiyo mimi."

"Nani alishika usukani wakati wa kutua?"

"Mimi."

"Ukapunguza nguvu katikati ya mteremko? Na kibali umepata hapa hapa? Nani alikufundisha?"

Nele akainamisha kichwa. "Nilisahau," akasema.

"Na redio?"

"Niliipiga mimi. Nilikasirika."

Sajenti akaviangalia vidole vya Nele. Vilikuwa vizima, vyekundu kwa baridi tu. Akaviangalia vyangu. Nikaviingiza mfukoni.

"Na mdomo?"

"Nilijigonga tulipogongwa."

"Tulipogongwa ulikuwa chini kwenye njia, unapunga koti. Huyu mlinzi alikuwa kwenye lifti ya skii, alikuona."

Sajenti akanigeukia mimi.

"Wewe, abiria. Nani alikuwa anarusha?"

Wallahi nilitaka kusema. Nilifungua mdomo nikiwa nimelipanga neno. Halafu nikaiona jela, nikakiona kiwanda, nikamwona Lieven anavyotabasamu na pengo lake siku ya hukumu.

"Ni kama alivyosema," nikajibu.

Lieven aliinua uso. Alinitazama kama anayetazama jino bovu lisilofaa hata kuzibwa.

Walinzi walikuwa wanamfunga Hilde kwenye machela. Shingo wamemvalisha kola ngumu, hawezi kugeuza kichwa, macho tu. Yale macho yalikwenda kwenye mdomo wa Nele yakakaa pale.

Sijawahi kuwasimulia hili. Miaka tisa iliyopita, asubuhi moja ya Jumapili, Hilde alisimama mbele ya kioo cha bafuni kwetu akaweka barafu kwenye mdomo uliopasuka kwa namna ile ile, upande ule ule. Majirani walielezwa ni mlango wa kabati. Nele alikuwa na miaka tisa, naye akaelezwa ni mlango wa kabati.

Macho ya Hilde yakatoka kwa Nele yakaja kwangu. Mimi nilikuwa nimekunja mikono kifuani, wa kulia juu, wa kushoto chini.

"Sajenti," Hilde akasema. Sauti ilikuwa ndogo, lakini kila mtu alisikia. "Mwambie huyo mwanamume anyooshe mkono wa kushoto. Namnunulia makoti meupe makusudi, damu isijifiche."

Hata watu waliofika kuuzima moto wa ndege waligeuka.

"Nyoosha mkono," sajenti akasema.

Sikunyoosha.

"Bwana, nimesema nyoosha mkono."

Akaanza kunijia. Na hapo Nele, ambaye mdomo wake ulikuwa bado unachuruzika, akapiga hatua tatu, akaja akasimama kati yetu na mikono ameitanua, akanikinga kwa mgongo wake mwembamba. Nami, mtu mzima wa miaka hamsini na mbili, nikainama kidogo ili anizibe vizuri.

"Pisha, binti," sajenti akasema.

Nele hakupisha.